Wimbo wa Mtu Haukatwi

Jumapili niliyomkatia Lazaro wimbo wake naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe, maana analijua hilo. Kosa lenyewe kwa macho lilikuwa dogo: kidole kimoja, kitufe kimoja. Nilikuwa kijana wa Buyenzi, mwembamba, mwenye hofu nyingi, na niliamini kwamba kitu kisichokamilika hakifai kuonyeshwa watu. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nimwaibishe mtu mzima mbele ya wenzake. Sikusimulii kwa kupenda kujichora vibaya. Nimekuona na simu yako, ukiwatumia wenzako nyimbo unazozipenda na kuzicheka wanazokutumia wao, nami nikakitambua kidole changu.

Wakati ule vita vilikuwa vimeigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Kulikuwa na barabara ambazo watu wa upande huu hawakuzivuka, na nyingine ambazo watu wa upande ule hawakuzivuka, na kila mtu alizijua zake bila kuambiwa. Mtaa wetu wa Buyenzi ulibaki kuwa wa karibu kila mtu: Waislamu wa zamani wa mji, mafundi magari, wauza vipuri, washonaji. Tulisema Kiswahili chetu, chenye Kirundi ndani na Kifaransa pembeni, na asiyekijua alikijua baada ya juma moja.

Katika ua wa Bibi Mwamini, mshona kanzu ambaye hata wenye mvi walimwita bibi, palikuwa na kikao cha wasikilizaji. Tulikutana Jumapili baada ya adhuhuri, tukaachana mapema ili kila mtu afike kwake kabla ya saa ya kutotembea. Kila msikilizaji alikuja na kaseti yake na kucheza wimbo mmoja. Sheria zilikuwa mbili tu. Wimbo ukishaanza haukatwi, uwe mtamu au mchungu. Na ukimalizika, hakuna kusema mzuri wala mbaya, mwenye wimbo anawauliza wenzake, "Umesikia nini?", na kila mmoja anasema alichosikia.

Usilidharau swali hilo. Mtu anaweza kusema "mzuri" akiwa amelala. Lakini kusema umesikia nini, lazima uwe ulikuwepo. Hamadi, fundi bati, aliyependa zouk kuliko chakula, siku moja alisikiliza taarabu ya Bibi Mwamini akasema, "Nimesikia mwanamuke anafunga mulango polepole ili watu wasijue kama amekasirika." Bibi alicheka hadi sindano ikamtoka mkononi. Naye Bibi mwenyewe, na ushungi wake, alipenda rege. Alisema besi ya rege inamkumbusha cherehani iliyotiwa mafuta vizuri. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na pale uani tulijifunza kutochekana mabawa.

Mashine ya kuchezea ilikuwa yangu. Hakuna aliyenifundisha ufundi huo. Nilifungua redio zilizokufa, nikaungua vidole, nikapigwa na umeme, nikafungua tena. Maboksi ya spika niliyapigilia misumari mwenyewe, na umeme ulipokatika tuliunganisha betri ya gari kutoka gereji ya jirani. Jumamosi nzima niliitumia kusafisha kichwa cha mashine, kile kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, nikasikiliza, nikasafisha tena. Watu walinisifu, nami sifa zilinitia wasiwasi zaidi, maana mwenye kusifiwa ana kitu cha kupoteza.

Na hapa niungame jambo jingine, kwa sababu kuficha nusu ni kudanganya yote. Katika miezi yote ile sikuwahi kucheza wimbo niliokuwa nikiupenda hasa. Nilichagua rumba iliyorekodiwa vizuri, isiyo na mkwaruzo, ambayo hakuna ambaye angeikataa. Wimbo wangu wa kweli ulikuwa wa kwaya ya kina mama wa Kikatoliki, kwa Kirundi, nilioukuta ukipigwa kwenye redio ya jirani. Niliurekodi kupitia ukuta. Ndani yake sauti zilifunikwa na ukungu wa tofali, na katikati sufuria za mama yangu zinagongana. Mimi, mtoto wa madrasa, fundi wa sauti safi, na kaseti kama ile! Niliiweka chini ya godoro.

Jumapili ile ya kosa langu alikuja mgeni, Kristela, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiishi mtaa wa Mutanga Sud. Alikuja kwa Bibi kuchukua nguo, akasikia muziki, akaomba kubaki. Mkobani mwake alikuwa na kaseti ya jazi iliyonakiliwa kutoka kwenye sahani ya santuri: tarumbeta peke yake, na nyuma yake kimya kisafi kabisa. Sikuwahi kusikia kimya kisafi namna ile kikitoka katika spika zangu. Nilijisemea, leo amekuja mtu anayejua sauti ni nini, leo nisiaibike.

Baada yake zamu ilimfikia Lazaro. Huyu alikuwa seremala wa Cibitoke, mtaa wa kaskazini ng'ambo ya zile barabara zisizovukwa, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno, aliyekuwa akikaa karibu na lango. Tangu aanze kuja hakuwahi kuleta kaseti. Zamu yake ilipofika alikuwa akitikisa kichwa, tunaendelea. Siku ile akatoa leso mfukoni, akaifungua, ndani mna kaseti iliyopauka. Akanipa kwa mikono miwili.

Ilikuwa inanga, ile ala yetu ya nyuzi ambayo mpigaji hunong'ona badala ya kuimba. Lakini mnong'ono gani, mwanangu? Mnong'ono wenyewe ulizama katika mvumo. Uzi mmoja haukuwa umekazwa sawasawa na kila ulipoguswa ulinichoma meno. Mle kandani mzee mpigaji akakohoa. Mbuzi akalia. Nikamtazama Kristela, nikaona amekunja uso, nikaona (nilidhani nimeona) dharau. Watasema mashine ni mbovu. Atasema.

Nikabonyeza kitufe.

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata cherehani ya Bibi ilisimama.

"We Idi," Bibi Mwamini akasema, "unafanya nini?"

"Kanda iko na kelele, Bibi. Itaharibu kichwa cha mashine."

"Kichwa cha mashine! Na kichwa cha mutu?"

Nilikuwa tayari nimeshika kaseti ya rumba, nimeiingiza, muziki safi umejaa uani kama hakuna kilichotokea. Lazaro akainuka. Akaichukua kaseti yake mezani, akaifunga katika leso, pembe kwa pembe, bila haraka. "Apana kitu, mudogo wangu," akaniambia, akatoka langoni.

Ndipo Kristela akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Lakini mi nilikuwa nasikiliza. Kulikuwa na mbuzi."

"Ndiyo, samahani, yule mbuzi..."

"Samahani ya nini? Nilitaka kujua kama muzee atanyamaza juu ya mbuzi ao ataendelea. Sasa sitajua."

Uso niliouona umekunjwa kwa dharau ulikuwa umekunjwa kwa kusikiliza. Hofu ina macho mabaya, mwanangu. Inakuonyesha hakimu pale ambapo ameketi msikilizaji tu.

Jumapili iliyofuata Lazaro hakuja, wala ile ya baadaye. Nilijiambia ni njia, kuna risasi upande wa kaskazini, atakuja. Lakini kukawa na jambo baya zaidi. Hamadi alikuja mikono mitupu. Nilipomwuliza zouk iko wapi akanitazama pembeni, "Eh, fundi, naogopa. Kaseti yangu nayo ina mafua." Watu wakacheka, ila hawakucheka kwa furaha. Wengine wakaanza kuleta rumba, rumba kama zile za kwangu, zile ambazo hakuna ambaye angezikataa. Swali likaulizwa, umesikia nini, na jibu likawa, "Nimesikia vizuri." Kikao kilikuwa kinakufa, na kilikuwa kinakufa kisafi, bila mkwaruzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliuona nikaendelea kusafisha kichwa cha mashine.

Bibi Mwamini aliniita peke yangu, akiwa ameshika kanzu ya mtu mapajani.

"Unajua Lazaro anapita wapi akikuja hapa?"

"Najua, Bibi."

"Unajua kwao kuna watu wanamuulizaga anafuata nini Buyenzi?"

Hilo sikulijua.

"Anawaambia anafuata muziki. Wanamucheka. Anakuja." Akakata uzi kwa meno. "Mutu amevuka yote ile, anafika kwako, unamufungia mulango na kidole. Si kaseti umekata, mutoto wangu. Umekata mutu maneno."

Nikamwambia nitatengeneza kaseti mpya, safi, nimpelekee zawadi. Akanitazama kama mtu anayetazama mshono uliopinda.

"Zawadi! Peleka wimbo wako. Ule unaficha."

Sikujua alijuaje. Labda hakujua, labda wazee hutupa jiwe gizani na sisi wenyewe tunapiga kelele.

Niliamua kwenda. Sikuwa jasiri, na mpaka leo si jasiri. Lakini kuna uamuzi unaouchukua huku ukiogopa, nao ni uamuzi vilevile. Asubuhi ya siku ya kazi nilitoa kaseti chini ya godoro nikaiweka katika redio ndogo ya mkononi. Betri zilikuwa adimu wakati ule nchi jirani zilipotufungia mipaka, na zangu nilikuwa nimezianika juani siku nzima ili zirudishe nguvu kidogo. Nikapanda basi dogo la kaskazini. Tulipita Ngagara na kartie zake, vile vitongoji vyenye namba badala ya majina, na mbele kidogo ya hapo dereva akasimama. Vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani, mmoja wao na panga mkononi.

Mwenzake akanielekezea kidole. "We, shuka. Unatoka wapi?"

"Buyenzi."

"Uko na nini mu mufuko?"

"Redio."

"Redio ao kitu ingine? Washa tusikie."

Nikawasha. Wakatoka kina mama wa kwaya, na ukungu wao wa tofali, na sufuria za mama yangu. Kati ya aibu na woga sikujua kipi kinanishika zaidi. Mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda kwenye kitufe.

"Acha!" kijana akanikemea. "Nani amekuambia uzime?"

Basi tukasimama barabarani, mimi na wale vijana na abiria dirishani, tukisikiliza kwaya. Ilipofika kiitikio, mwenye panga akaanza kuimba sauti ya pili, na aliimba vibaya, mwanangu, vibaya sana, lakini hakuruka neno hata moja. Wimbo ukamalizika. Kijana wa kwanza akapiga mikono, akastaajabu kwa Kirundi. "Yampaye inka! Mwislamu wa Buyenzi na kwaya! Pita, padri, pita!"

Wakacheka, nami nikapanda basi hadi Cibitoke. Sitakudanganya kwamba muziki huzuia mapanga. Wapo waliosimamishwa pale na hawakupita, wenye nyimbo nzuri kuliko yangu. Siku ile nilipita, na ninachojua ni hicho tu.

Lazaro nilimkuta karakanani, akipiga randa mguu wa meza. Alinitazama, akaendelea. Maranda yakaanguka. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, nimeipanga kichwani mwanzo hadi mwisho, na nilipofungua kinywa ikapotea yote.

"Kaka Lazaro, nilikosa."

"Ndiyo," akasema. "Ulikosa."

Akaendelea na randa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilisimama pale hadi nikafikiri niondoke. Mwishowe akaweka randa chini.

"Yule muzee wa inanga, unafikiri mi sijui anapiga vibaya? Kila mutu ku kilima chetu anajua. Watoto walimuchekaga. Uzi wake wa tatu haujawahi kukazwa."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu ndiye alitupigiaga tukilima. Mungine hakukuwa. Mzuri atakuja kufanya nini mu shamba letu?" Akafuta mikono. "Mi sikuleta ile kaseti ili usikie inanga nzuri. Ukitaka nzuri, redio iko nayo. Nilileta ili mujue mi napenda nini. Niliwaza miezi yote kama nitaileta. Na we mwenyewe, unapenda nini? Tangu nikujue sijasikia. Unachezaga zile safi tu."

Hakuna mtu aliyewahi kunishika mahali penyewe namna ile. Nikarudisha kaseti mwanzo, nikaiweka redio juu ya meza isiyo na mguu, nikamchezea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Sufuria zilipogongana akatabasamu kwanza, kisha akarudi kusikiliza. Ilipokwisha nikamwuliza, kwa sheria ya kikao, amesikia nini.

"Nimesikia mutu ameweka sikio ku ukuta," akasema, "na anaogopa kugonga mulango."

Kisha akaitoa leso.

Betri zilikuwa zimeanza kuchoka. Kaseti yake ikaanza vizuri, halafu ikazidi kuwa nzito, mnong'ono wa mzee ukavutika kama uji, nyuzi zikalegea, ule wa tatu ukawa mateso matupu. Kila kiungo changu kilitaka kuzima, kutengeneza, kuomba radhi kwa niaba ya mashine. Niliikalia mikono yangu. Naam, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, na Lazaro aliona. Yule mbuzi akalia. Mzee akaacha kupiga, akamgombeza mbuzi kwa Kirundi kikali, akaendelea pale pale alipoachia, kwa uzi uleule uliolegea. Tukasikiliza hadi mwisho, na mwisho ulikuwa wa polepole.

"Umesikia nini?" Lazaro akaniuliza.

Nilifikiri sana. "Nimesikia mzee anakosea na hajali," nikasema, "kwa sababu wanaomsikiliza ni wake."

Akaitoa kaseti, akaifunga katika leso. "Bon," akasema. "Umesikia."

Hakuniambia amenisamehe. Wala hakuja Jumapili iliyofuata, kwani mji ulifungwa na hakuna aliyetoka. Alikuja ile iliyofuata hiyo, akaketi palepale karibu na lango. Mimi nilianza zamu, kabla ya mtu yeyote, nikacheza kwaya yangu ya ukutani. Hamadi alinguruma kwa kicheko aliposikia sufuria, kisha akaomba arudie kusikia sauti ya tatu kutoka kushoto, kama kwamba kaseti ile ina kushoto. Lazaro akafuata. Kristela, ambaye sasa hakuacha kuja, alipomsikia mzee akimgombeza mbuzi aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Aliendelea!" akasema. "Nilijua ataendelea!" Bibi Mwamini alisema amesikia jembe. Jumapili iliyofuata Hamadi alileta zouk yake yenye mafua, na ua ukajaa tena nyimbo ambazo watu walikuwa wakizipenda wao wenyewe.

Mwanangu, vita havikuisha kwa sababu yetu. Viliendelea miaka mingine, na si wote waliokaa uani pale waliofika mwisho wake. Lakini kwa muda tuliokuwa nao, mtu wa Cibitoke, mtu wa Mutanga na mtu wa Buyenzi walijuana kwa walichokipenda, na aliyekwisha kujua unachokipenda hupata taabu kukuita adui.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Mtu akikuletea wimbo anaoupenda, hata uwe na kelele, hata uzi mmoja umelegea, jua kwamba huenda amekaa nao miezi akijiuliza kama akuletee. Usikilize hadi mwisho. Usimwambie mzuri, usimwambie mbaya, mwambie ulichosikia. Wazee walisema kipendacho moyo ni dawa, na dawa ya mtu haionjwi kwa kucheka. Nawe uliye na hofu kama mimi, unayepanga na kupangua, unayefuta kabla ya kutuma: usingoje wimbo ambao hakuna atakayeukataa. Wimbo wa namna hiyo hausemi lolote juu yako. Toa ule ulio chini ya godoro. Watakaocheka watacheka, na wengine wataomba uurudie. Kama umeshamkata mtu, usimtumie zawadi. Mwendee, na uende na kitu kinachoweza kukuaibisha.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako. Akupe marafiki wasiofanana nawe, wenye nyimbo usizozielewa. Akulinde njiani, akufikishe, na ukifika akukutanishe na mtu atakayekuuliza umesikia nini na kusubiri jibu lako.

Mimi bado ni mwoga, na bado nasafisha vitu ambavyo ni safi. Lakini tangu mwaka ule, mtu akiniuliza napenda muziki gani, namjibu kweli.